Siku Wote Tulipojibu "Nimepokea"

Vijana wa chumba cha simu, mmeniomba niandike jinsi kazi ya chumba cha simu ilivyoanza, na mkaongeza, "Ila kwa ufupi, ba Joji." Nimewasikia. Lakini mtu aliyelipwa maisha yake yote kwa kuongea hafundishiki ufupi akiwa tayari amekaa nyumbani na kuku wake. Vyeo vilivyogawiwa baadaye sitavitaja: waliovipata wanavijua, na waliovikosa wanavijua zaidi. Jina la ofisi yetu nalo sitaliandika, kwa sababu bado tunakutana sokoni Kashikishi na ningependa tuendelee kusalimiana.

Jina langu ni Georgette. Nilizaliwa Pweto, upande wa Kongo, na mama alivuka ziwa nikiwa mgongoni mwake, akifuata biashara ya chisense, wale samaki wadogo wa kukausha. Alisema tutakaa Nchelenge, ng'ambo hii, msimu mmoja. Ofisini karibu wote walisema Kibemba. Jina langu liliwashinda, wakalikata likabaki Joji, kisha kwa heshima wakaweka "ba" mbele, kama wanavyomwekea kila mtu mzima. Kiswahili cha kuandika nilifundishwa na masista. Cha kuongea nilifundishwa na mama kati ya magunia ya samaki. Ndiyo maana mimi naandika "mtu", lakini watu wangu wakifungua midomo wanasema "mutu", na Kifaransa kinaingia humo humo. Msiwasahihishe. Ndivyo walivyosema.

Niliajiriwa kwa sababu ya Kiswahili hicho hicho. Enzi hizo hakukuwa na simu za mkononi. Kulikuwa na redio ya kuongelea, mezani, na vituo visiwani Isokwe na Chisenga. Wafanyabiashara wa Kikongo wakipata shida ziwani, waliomba msaada kwa Kiswahili, na mtu wa redio, ba Lwamba, alikuwa na Kiswahili cha kununulia samaki tu. Aliweza kupunguza bei vizuri sana, lakini hakuweza kumuuliza mtu anaumwa wapi.

Ba Lwamba alikuwa mfupi, mwenye sauti nene, na alifunga tai kila asubuhi ili aongee na redio. Siku yangu ya kwanza nilimuuliza kwa nini, maana redio haimwoni.

"Mimi najiona," akanijibu.

Kipaza sauti alikivalisha kifuko alichoshonewa na mkewe kwa kipande cha kitenge, kwa sababu mtangulizi wake alikuwa mtu wa mate mengi. Alinionyesha jinsi ya kufuta vichwa vya betri na kuangalia maji yake, kisha akanikabidhi kipaza niite Isokwe. Nikapiga kelele kama mtu anayeita mbuzi. Ba Lwamba akaziba masikio.

"Taratibu. Wewe ongea, safari waachie redio."

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba alinikataza kusema pole. Yaani si kabisa. Alinikataza kuanza nayo. "Uliza kwanza wako wapi, nani bado ana nguvu, na wanaona nini ufukweni. Pole iweke mwisho. Ukianza na pole, mtu analia, na betri inaisha." Niliona ana roho ngumu. Baadaye niligundua kwamba akishazima redio, alikuwa anatoka nje na kukaa peke yake kidogo nyuma ya jengo, na akirudi tai yake imelegea.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilikuwa ya boti ya biashara iliyoonekana kutoka Isokwe ikielea bila injini, watu wakipunga vitenge. Ilikuwa asubuhi, upepo umeanza. Sasa sikilizeni mpangilio wetu wa wakati huo, maana hapa ndipo darasa lilipo. Boti ya uokoaji ilikuwa ya idara ya uvuvi. Mafuta ya boti yalikuwa ya idara ya usafirishaji, ndani ya stoo. Ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwa mtunza stoo. Na mtunza stoo alikuwa msibani Mwansabombwe.

Ba Lwamba alipanda basi dogo, na tai yake, akaenda kuutafuta ufunguo huo katikati ya waombolezaji. Mimi nilibaki na redio, nikiwaambia Isokwe, "Tunakuja," neno ambalo lilikuwa kweli kwa upande wa Mwansabombwe tu. Aliporudi, upepo ulikuwa umeshafanya kazi yetu: boti ilisukumwa yenyewe hadi ufukweni, watu wote wazima, wamechomwa na jua na wamekasirika. Mwenye mizigo aliingia ofisini, akakaa kwenye kiti changu bila kukaribishwa.

"Tulibangojea sana," alisema. "Kisha tukakula biashara, mizigo yote."

Baada ya aibu hiyo ulichongwa ufunguo wa pili. Ukafungiwa ndani ya stoo, kwa usalama.

Ba Lwamba alistaafu kabla minara ya simu haijafika. Aliniachia kifuko cha kitenge; tai aliondoka nayo. Kisha simu za mkononi zikaja, redio ikawekwa juu ya kabati, na watu wakaanza kupiga moja kwa moja, wengine kuomba boti, wengine kuuliza kama nimeolewa. Watu walipoanza kufika kambi ya wakimbizi ya Mantapala wakikimbia vita Kongo, nilikopeshwa huko kama baiskeli: wiki hii kwa madaktari, wiki ijayo kwa wagawaji wa mbegu, nikitafsiri kutoka alfajiri hadi ulimi ukauke.

Huko Mantapala kuna mama mmoja mzee simsahau. Alikuwa amefika na mguu umevimba. Meza ya kwanza ilimuuliza jina na kijiji. Meza ya pili ikamuuliza jina na kijiji. Meza ya tatu nilipofungua mdomo kutafsiri swali lile lile, alinishika mkono.

"Binti yangu, jina yangu nilimuambia ule wa kwanza. Muko mbali na yeye?"

"Hapana, mama. Ni pale."

"Si muko paka mu nyumba moja? Ninyi hamusemezanake?"

Nilimtafsiria daktari: kama tuko nyumba moja tu, mbona hatusemezani? Daktari alicheka, mimi nikacheka, mama mzee hakucheka. Mguu ulikuwa unamuuma.

Basi, miaka ikapita, na siku moja wakubwa wakatuita mkutanoni wakasema tutengeneze huduma ya kidijitali. Mtu wa kisiwani apige namba moja, chumba cha simu kiingize taarifa kwenye kompyuta, na idara zote zipate ujumbe papo hapo kwenye simu zao. Ba Mulenga alikuwa mkuu wa uvuvi, mtu mrefu, mwenye boti na mwenye kulijua hilo. Sista Prisca, muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi, alitoka Kawambwa kwenye maporomoko na misitu, na ziwa aliliheshimu kwa kukaa mbali nalo. Ba Chola alikuwa wa usafirishaji, bwana wa mafuta na fomu za mafuta. Na kutoka Mansa, makao makuu ya jimbo, akaletwa Mutale, binti mdogo wa umri, mwenye kompyuta yenye stika nyingi na sauti ya chini, ambaye ndiye angeandika hiyo programu. Hao wote tuliongea nao Kibemba; nawawekea Kiswahili hapa ili na watu wa Pweto wacheke.

Mutale alianza na swali moja. "Naomba mniambie: mtu akipiga simu kutoka kisiwani, nini kinatokea?"

"Boti inatoka," alisema ba Mulenga.

"Mgonjwa anapokelewa," alisema Sista Prisca.

"Fomu ya mafuta inajazwa," alisema ba Chola.

"Na kati ya hapo?" akauliza Mutale. Wote tukatazama dirishani, kana kwamba jibu lingepita barabarani.

Tuligombana kuhusu rangi, maana kila idara ilitaka yake. Tuligombana kuhusu idara ipi iandikwe juu. Tuligombana kuhusu jina la bandari moja ndogo, ambayo uvuvi waliiita kwa namba, afya waliiita kwa jina la kanisa lililo karibu, na usafirishaji waliiita kwa jina la baa iliyofungwa zamani. Mutale aliomba jina moja tu. Tulibishana hadi chakula, tukarudi tumeshiba, tukakubaliana kuyaweka yote. Kitu pekee kilichopita bila ugomvi kilikuwa kitufe cha chini ya ujumbe. Kiliandikwa "Nimepokea". Kila mkuu alikipenda. Ukikibonyeza, unaonekana umefanya kazi, na bado hujainuka kwenye kiti.

Tulizindua kwa hotuba. Kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda, kwa sababu kesi zilikuwa ndogo na kwa sababu mimi, baada ya kutuma ujumbe, bado niliwapigia mmoja mmoja kwa mazoea ya redio. Kisha tukakatazwa kupiga. Mkubwa mmoja alisema kupiga simu ni kuudharau mfumo.

Siku ninayotaka kuwasimulia ilikuwa mchana, jua kali, upepo wa kusini-mashariki umeanza kulikunja ziwa. Simu ikalia.

"Allô! Ni bureau ya boti?"

"Ndiyo, mama. Uko wapi?"

"Isokwe. Jina yangu Feza. Mulamu wangu Ngoie, bibi ya kaka yangu, anazaa, na damu inatoka mingi. Mutoto haonekane."

"Damu ilianza lini?"

"Tangu asubui."

"Ngoie anaongea?"

"Anaongea, mais kidogo kidogo. Anasema anasikia baridi. Na huku jua inaunguza!"

Niliuliza ufuko gani, nani yuko naye, kama wanaume wapo wa kumbeba. Nikaandika yote, nikatuma. Majibu yakaingia moja baada ya jingine, mazuri, ya kijani: Uvuvi, nimepokea. Afya, nimepokea. Usafirishaji, nimepokea. Nikamwambia Feza, "Boti inakuja." Sikuwa nasema uongo. Sote tuliamini hivyo, na kila mmoja aliamini juu ya mwenzake.

Nilipokea simu nyingine mbili za watu wengine. Kisha Feza akarudi hewani, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Boti iko wapi?"

Nikavunja amri nikampigia ba Mulenga. Yuko kando ya boti, alisema, anamngoja muuguzi. Hawezi kwenda kumchukua mwanamke anayetokwa damu akiwa na kamba na ndoo tu. Nikampigia Sista Prisca. Kitanda kiko tayari, alisema, maji yamechemshwa, wasaidizi wamevaa glavu, anamngoja mgonjwa. Nikampigia ba Chola. Amepokea, alisema, anangoja fomu ya mafuta. Kutoka dirishani kwangu niliona paa la kila mmoja wao.

Nilikimbia. Wale mnaonijua kwa umri huu na umbo hili mtanisamehe picha hiyo. Niliingia wodini nikamshika Sista mkono.

"Sista, boti inakungoja wewe."

"Mimi? Nani kasema?"

"Hakuna aliyesema. Ndiyo shida yenyewe."

Alinitazama mara moja tu, akachukua mkoba wake wa kuzalishia, akanipita mlangoni. Kule stoo, ba Chola alishaona tunavyokimbia. Alifungua mlango, akabeba madumu ya mafuta mwenyewe hadi ufukweni, suruali imelowa hadi magotini, akisema, "Fomu mtajaza mkirudi." Kwa ba Chola, kusema neno hilo hadharani kulikuwa sawa na mtu mwingine kuvua shati kanisani.

Nilipanda nao kwa ajili ya lugha. Ziwa lilikuwa baya. Sista Prisca alitapika tangu tulipotoka bandarini, akitapika upande mmoja na kuinua mkoba juu ya kichwa kwa mkono mwingine usiguswe na maji, na kati ya hapo na hapo akiniuliza: mimba ya ngapi, ana homa, amekunywa nini. Isokwe wanawake walimleta Ngoie juu ya mlango uliong'olewa kwenye bawaba zake. Uso wake ulikuwa wa rangi ya jivu. Feza alipanda bila kuuliza mtu.

Hatukufika hospitali. Yaani tulifika, lakini mtoto alitangulia. Tulikuwa katikati ya maji, Sista amepiga magoti kwenye sakafu ya boti, haumwi tena na kichefuchefu wala hakumbuki kwamba anaogopa ziwa.

"Mwambie asisukume."

"Usisukume, Ngoie. Bado, mama, bado."

"Sasa."

"Sasa! Sasa, mama!"

Ba Mulenga alishika usukani akitazama mbele tu, shingo imekakamaa, kama mtu aliyeamriwa asiondoe macho bandarini. Mtoto alitoka kimya. Sista alimpangusa, akamsugua mgongo, akamgeuza, akampulizia. Sikuwahi kusikia injini ya boti ikipiga kelele kiasi kile. Kisha tukasikia sauti nyembamba, kama mlango mdogo unaofunguliwa, na ba Mulenga, bila kugeuka, akaanza kulia kwa nguvu kuliko mtoto.

Ngoie alibaki hospitali muda mrefu. Alipoteza damu nyingi na kuna siku mbili tatu hatukujua kama atapona. Aliishi. Mtoto naye aliishi, msichana, mwembamba, mwenye hasira.

Lakini kabla hatujajua hayo, jioni ile, pale nje ya wodi, Feza alinijia. Kitenge chake kilikuwa kimekauka damu.

"Mama, miye niulize. Ile saa nilipiga simu, nani alijua?"

"Wote tulijua."

"Bote? Mwenye boti?"

"Alijua."

"Muuguzi? Na ule wa mafuta?"

"Walijua."

Alifikiri. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea. Badala yake alisema polepole, kama mtu anayefanya hesabu sokoni, "Basi afazali angejua mutu moja tu. Ule angekuya."

Mkutano wa baada ya hapo ndio mkutano pekee katika maisha yangu ya kazi ambao haukuwa na biskuti. Ba Mulenga alianza, kwa desturi, kwa kusema mfumo umeshindwa. Mutale, aliyekuja kutoka Mansa kwa basi la kwanza, aligeuza kompyuta yake tuone: ujumbe ulifika kwa wote, na haukuchelewa hata kidogo.

"Kitufe kile nilikiweka mimi," alisema, "kwa sababu ndicho pekee mlichokubaliana. Nilifurahi sana mmekubaliana kitu, sikujiuliza ni kitu gani."

Nami nikawatafsiria maneno ya Feza. Sikuongeza chumvi. Sista Prisca akavua miwani. Ba Chola akazungusha kalamu. Ba Mulenga, ambaye hakuwa ameomba radhi tangu ajue kusimama, akasema, "Nilikuwa nimesimama kando ya boti. Injini inafanya kazi. Nimesimama tu."

Wazo la kubadilishana kazi lilikuwa la Mutale, na wote tulilichukia. Alisema hawezi kuandika mstari mmoja zaidi hadi kila mkuu akae siku nzima mahali pa mwenzake, si kukagua, kufanya. Ba Mulenga akawekwa mapokezi ya wodi ya wazazi. Asubuhi mama mmoja alimkabidhi mapacha ashike kidogo wakati anakwenda chooni, na inasemekana ba Mulenga hakukaa chini hadi mama huyo aliporudi, akiogopa kuwaamsha. Sista Prisca alipelekwa ziwani kuhesabu nyavu, akatapika kwa mpangilio mzuri zaidi safari hii. Ba Chola alikuja kwangu. Nilimvalisha visikilizio, nikamfundisha maswali ya ba Lwamba, na simu ya kwanza kabisa akaanza na pole. Mfanyabiashara wa watu akaangua kilio. Ilibidi nichukue laini.

"Sasa nimeelewa," alisema ba Chola, akipangusa macho yake mwenyewe.

Mimi nilipelekwa stoo ya mafuta siku iliyofuata, nikajifunza kwamba fomu ile iliyotuchelewesha ilikuwepo kwa sababu zamani mafuta yalikuwa yanapotea, na ba Chola ndiye aliyekuwa anaulizwa. Hakuwa amependa karatasi. Alikuwa amechoka kushukiwa.

Baada ya hapo mazungumzo yalikuwa mengine. Mafuta ya dharura yakatengwa kwenye boti yenyewe, kwa sahihi moja ya mwezi mzima. Bandari ile ndogo ikabaki na jina la baa, kwa kuwa ndilo wavuvi walilolijua. Kilichobaki kilikuwa kitufe. Mutale alitaka neno ambalo likibonyezwa, kesi inakuwa ya mtu mmoja, kwa jina lake, hadi mwisho; wengine simu zao ziwaambie yeye anahitaji nini kwao, na kama hakuna aliyebonyeza, zipige kelele bila kunyamaza. Ba Mulenga akapendekeza "Nitashughulikia".

"Hilo ni lile lile," alisema Sista Prisca, "limevaa suti."

"Mtu anayeinuka kweli," Mutale aliuliza, "anasema nini?"

Kila mtu akajibu kwa lugha yake, na simu ya kila mtu ikawekewa hivyo. La Kiswahili chetu nililitamka mimi, likaandikwa kama lilivyo: "Naenda miye."

Msifikiri tulifunga ukurasa na kuishi kwa raha. Wiki za kwanza wakuu walishindana kubonyeza kama watoto wanaogombea kiti cha dirishani. Kuna mvuvi wa Chisenga aliyeumwa jino akafuatwa na boti mbili, moja ya uvuvi na moja ya kukodi, na kila mkuu anasema alitangulia. Yule mvuvi alipanda ile yenye kivuli. Kuna siku mtandao ulilala na tukarudi kwenye redio iliyokuwa juu ya kabati, na vijana mkanitazama nikiifuta vumbi kama mnatazama mganga. Mutale alikuja na kurudi, akarekebisha, akasikiliza, akarekebisha tena. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba yeye ndiye mtaalamu. Pengine ndiyo maana mwishowe tulimwachia kazi yake aifanye.

Nimalizie na siku ya kuniaga, kwa kuwa wengine mlikuwepo na tayari mnaisimulia vibaya.

Tulikaa ukumbini mchana. Kulikuwa na bukari, yaani ugali, na chikanda ya mizizi ya kusaga, na samaki makobo mkubwa wa kuchemsha aliyeletwa na uvuvi, kichwa chake kimeelekezwa kwangu kama mgeni rasmi. Nilikuwa na hotuba kwenye mkoba. Ba Mulenga alisimama kwanza na karatasi yake. Alikuwa amefika mahali pazuri: "Katika miaka yote hii, ba Joji ametufundisha..." Simu zikalia, zote kwa pamoja, mezani, mifukoni, ndani ya mkoba wa Sista.

Alisoma. Mvuvi, Chisenga, mkono umekatwa na panga la injini. Akabonyeza, akakunja hotuba, na akasema kwa Kiswahili, ambacho sijui alijifunza lini wala kwa nani, na kilikuwa kibaya sana, "Naenda miye." Sista Prisca alikuwa tayari ametoa mkoba wake chini ya kiti, kumbe alikuja nao hata kwenye sherehe. Ba Chola alitoka mdomo umejaa chikanda. Madereva wakamfuata. Viti vikabaki vimegeukia kila upande.

Mimi niliinuka kwenda chumba cha simu. Mguu ulikwenda wenyewe. Mlangoni nikamsikia Chilufya wenu, aliyechukua nafasi yangu, yuko kwenye laini, kwa Kiswahili cha kwetu, taratibu kabisa: "Uko wapi, tata? Nani eko na wewe? Fungeni mukono na kitenge, mukaze, musifungue." Hakugeuka kunitazama. Hakuwa na haja. Nilisimama pale kidogo. Sitawadanganya, ilinichoma kifuani. Kisha ikanipoa, na kilichobaki kilikuwa kitu ambacho sina jina lake, ila nilikuwa natabasamu.

Nikarudi ukumbini. Mutale peke yake ndiye alikuwa amebaki, kwa kuwa hakuna mtu amewahi kumwita mwandishi wa programu aje kufunga jeraha. Tulitazamana, tukamtazama makobo. Tulisikia injini ya boti ikiwaka, ikitulia, ikienda mbali. Nikavuta sahani.

Walirudi kabla jua halijashuka, wamelowa, wana furaha ya watu waliochoka. Mkono wa yule mvuvi umeshonwa, vidole vyote vipo. Ba Mulenga alitoa karatasi yake mfukoni. Ilikuwa imekuwa uji. Sista Prisca alizunguka meza nzima akitafuta, kisha akauliza samaki yuko wapi.

"Tumemla," nikamwambia.

Ba Chola akatumwa kununua vitumbua, na tukavila tukiwa tumekaa juu ya meza, maji ya ziwa yakichuruzika sakafuni. Hotuba yangu nayo haikusomwa. Nimeipitia jana. Ilikuwa ndefu mno, na ilikuwa na mashairi. Yule mvuvi wa Chisenga aliwaokoa ninyi zaidi ya mlivyomwokoa yeye.